Mfalme mtendaji si mfalme wa katikati

Siku hizi mchezaji wa sataranji akimfikisha mfalme wake e4, mraba wa katikati ya ubao (herufi hutaja safu ya wima, namba hutaja mstari wa mlalo), watazamaji husema tayari ana "mfalme mtendaji". Sivyo. Mfalme mtendaji ni yule anayewatishia askari wa adui, anayemsindikiza askari wake mwenyewe, au anayemzibia njia mfalme mwenziwe. Zamu yake huja malkia wakishaondoka ubaoni.

Wanaomwogopea mno mfalme wamepotoshwa kidogo na lugha. "Shah mat" ya Kiajemi, asili ya "meti", yaani tamko la kumaliza mchezo, hutafsiriwa "mfalme amekufa", kwa kuichanganya na "mata" ya Kiarabu, ndugu wa maiti na mauti yetu. Lakini mat ya Kiajemi ni kuduwaa, kuishiwa la kufanya. Kweli, mfalme haliwi kamwe; hukosa pa kwenda tu. Na pa kwenda panahesabika: akiwa kona ana miraba 3, ukingoni 5, kwingineko 8.

Hesabu hiyo ndiyo iliyozaa kosa la pili, kwamba katikati ndiko utendaji wenyewe. Tazama mchezo wa Capablanca, bingwa wa dunia wa wakati huo aliyecheza Mweupe, dhidi ya Tartakower, New York, 1924. Kufikia hatua ya 35 kila mmoja, mbali na mfalme, ana ngome moja (kete iendayo wima au mlalo) na askari watano. Kwa idadi, wako sawa. Ngome nyeupe iko h7, imemkaba mfalme mweusi wa f8. Ngome nyeusi iko c6, inamwinda askari wa c3. Mfalme mweupe, aliye f3, angeweza kubaki akilinda. Akaenda g3, akaacha askari wa c3 aliwe kwa cheki, yaani huku mfalme mwenyewe akishambuliwa. Kisha h4, ukingoni kabisa! Akamsukuma askari wa g5 hadi g6, akapoteza na wa f4, tena kwa cheki, akapanda g5, halafu f6. Sasa ngome nyeupe ikipanda h8 ni meti, kwa hiyo Mweusi analazimika kujihami huku askari wake wakianza kuliwa mmoja mmoja. Mchezo uliisha hatua ya 52, Capablanca akishinda.

Hapo f6 pana jambo ambalo wengi hulipita haraka. Mfalme angeweza kumla askari mweusi wa f5, akamwacha makusudi, kwa sababu askari huyo alikuwa ngao yake: ngome nyeusi isingeweza kumpiga cheki kwa safu ya f. Ukimla mapema, umejivua paa mwenyewe. Alimla baadaye, ngome nyeusi ilipokwisha kurudi e8 kujilinda.

Sasa mweke mfalme mweupe d4, katikati hasa, mbele ya askari weusi wa c6 na d6. Hawezi kukanyaga c5, d5 wala e5. Huyo mwite mfalme wa katikati, si kosa. Jina la mtendaji lisubiri mpaka apate mlango, hata kama mlango wenyewe uko h4.