Mlango uliopinda na taa nyekundu ya kwenye simu

Askari mstaafu mmoja wa Arua alimgombeza fundi kwa kumwekea mlango uliopinda. Fundi akaleta pimamaji: mlango umenyooka. Wiki ile ile mwanawe akampandisha basi la usiku hadi kliniki yangu ya macho, Kampala.

Hata hakuwa amekaa vizuri, akanitolea simu. Kwenye video, mama mmoja ameegemeza kidevu kwenye mashine, taa nyekundu inamulika jicho. "Daktari, nataka hii. Sindano ya jicho sitaki."

Naulizwa hivyo mara nyingi siku hizi, na jibu linategemea ni ugonjwa upi. Makula ni sehemu ndogo ya katikati ya retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Ndiyo tunayosomea na kutambulia nyuso. Ikichakazwa na uzee, mara nyingi huwa aina kavu: uchafu wa njano uitwao druseni hurundikana chini ya retina, na kwa wengine seli hufa polepole. Aina ya maji ni nyingine. Mishipa dhaifu huota pasipotakiwa, ikavujisha maji na damu, na mtu huona mistari iliyonyooka imepinda. Kama ule mlango.

Taa ya kwenye video ni ya aina kavu. Haichomi. Hutoa mwanga wa nanomita 590, 660 na 850, unaokusudiwa kuipa nguvu mitokondria, yaani jiko la seli. Unakaa mbele yake dakika chache, mara tisa kwa wiki tatu hadi tano, na unarudia mzunguko huo kila baada ya miezi minne. Marekani iliiruhusu Novemba 2024. Katika jaribio la LIGHTSITE III, lenye wagonjwa 100, waliopata mwanga wenyewe waliongeza herufi 5.4 kwenye chati ya kusomea. Waliopata mwanga wa kuzuga nao waliongeza 3. Tofauti haifiki nusu mstari wa chati, maana mstari una herufi tano. Mimi simshauri mtu auze ng'ombe kwa nusu mstari. Na tochi nyekundu za mtandaoni, au kulikodolea macho jua la asubuhi "kusafisha macho", ndiyo kabisa: jua huunguza makula hiyo hiyo.

Aina ya maji nayo ina tiba yake ya mwanga, tangu mwaka 2000. Dawa ya verteporfini huingizwa kwenye mshipa wa mkono kwa dakika kumi. Robo saa tangu ianze kuingia, leza ya nanomita 689 huelekezwa kwenye jicho kwa sekunde 83. Mwanga huiamsha dawa, nayo huziba mishipa mibovu. Halafu siku tano hutakiwi kupigwa na jua. Hapa kwetu kwenye ikweta! Ilipunguza kasi ya kupofuka, lakini wachache walirudishiwa uono. Sindano za dawa ndani ya jicho zikaipiku kuanzia 2006, na leo tunaibakizia hali chache tu.

Jicho la mzee lilikuwa na aina ya maji, kwa hiyo alichomwa sindano. Matone ya ganzi, ayodini, na sindano nyembamba pembeni, kwenye sehemu nyeupe ya jicho.

"Basi?"

"Basi, afande. Urudi baada ya wiki nne."

Jicho la pili bado lina aina kavu. Nimemwambia kila asubuhi alifunike lililotibiwa na kulitazamisha hilo fremu ya mlango ule ule. Siku fremu ikionekana imepinda, asingoje tarehe yake.