Kuhifadhi gari kuukuu maana yake nini?

Mtu akirithi gari la zamani Dar es Salaam, ushauri wa kwanza atakaoupata gereji haubadiliki: "Bosi, hili tunalikwangua lote, tunanyoosha bodi, tunapiga rangi, linatoka jipya." Ushauri wa pili, wa ndugu, ni kuliuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Ipo njia ya tatu ambayo wapenzi wa magari ya klasiki wanaijua kama uhifadhi. Wengi wetu tukilisikia neno hilo tunafikiria gari lililofunikwa turubai na kusahauliwa chini ya mwembe. Hapo ndipo dhana yenyewe inapopotea.

Tuchukue gari moja tulizungumzie. Tuseme ni Datsun 240Z, gari la spoti la milango miwili, boneti ndefu, injini ya silinda sita yenye ujazo wa lita 2.4. Lilianza kuuzwa mwishoni mwa 1969. Wazee wa Afrika Mashariki hawalihitaji kutambulishwa: Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nalo Safari Rally mwaka 1971, na mwaka 1973 Shekhar Mehta na Lofty Drews wakarudia. Hili letu halikushinda chochote. Limekaa Upanga, hapa Dar, miaka mingi, rangi yake nyekundu imepauka na kutoa unga, siti ya dereva imechanika, bampa ina vidoa vya kutu, na fenda ya kushoto ina mbonyeo.

Kurejesha ni kulirudisha gari hili kwenye siku moja ya nyuma, kwa kawaida siku lilipotoka kiwandani. Linavunjwa lote, bodi inakwanguliwa mpaka bati tupu, palipooza panakatwa na kuchomelewa bati jipya, bampa inapigwa kromu, siti zinashonwa upya. Ikifanywa vizuri ni kazi ya kuvutia, na sina ugomvi nayo. Kuhifadhi ni kuukubali umri wa gari na kuzuia uharibifu usisogee mbele. Rangi iliyopauka inabaki. Kutu inasimamishwa. Siti inashikizwa uzi pale ilipochanika, haivuliwi kifuniko chake.

Kwa hiyo kuhifadhi ni kazi, na ina gharama. Gari lililoachwa tu linaendelea kufa polepole. Shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, lililoanzishwa 1966, lina waraka uitwao Mkataba wa Turin unaotenganisha maneno haya: kutunza, kuhifadhi, kutengeneza, kurejesha. Waraka huo umefuata nyayo za wahifadhi wa majengo, ambao katika Mkataba wa Venice wa 1964 waliweka sharti ambalo ningependa libandikwe kila gereji: urejeshaji ukome pale kubahatisha kunapoanza. Fundi akisema "nadhani hapa palikuwa peusi", basi brashi iwekwe chini kwanza.

Ile sura ya umri, yaani rangi kupauka, ngozi kulainika palipokaliwa, usukani kung'aa palipozoea kushikwa, inaitwa patina. Ukitaka kuona kwa nini watu wanaithamini, nenda Makumbusho ya Taifa, mtaa wa Shaaban Robert, ambako yamewekwa magari waliyotumia viongozi wa nchi, likiwamo Rolls-Royce la enzi za Mwalimu Nyerere. Thamani ya gari kama lile iko katika kukaliwa kwake. Ukiivua siti ngozi ya zamani na kuiwekea mpya, umebaki na gari zuri ambalo Mwalimu hakuwahi kukaa ndani yake. Wahenga walisema ukuukuu wa kamba si upya wa ukambaa, na hapa usemi huo unakaa vizuri kabisa.

Lakini tusidanganyane. Kuna kutu, na kuna kutu.

Kupauka kwa rangi kunatokana na jua, na kunakaa juujuu. Kutu ni chuma kinapokutana na maji na hewa, na chumvi huiharakisha sana. Mji wetu uko mdomoni mwa bahari. Upanga, Oysterbay, Masaki, Kigamboni, kote upepo unaleta chumvi, na masika yanamalizia kazi. Kutu ya juu ya boneti inaweza kusuguliwa kidogo, ikapakwa dawa yenye asidi ya fosforasi inayoigeuza kuwa tabaka gumu, kisha nta. Kutu iliyokula bati mpaka likawa biskuti haiitwi patina hata mbele ya rafiki. Ugonjwa huo unakatwa.

Utazitofautishaje? Gonga kwa mpini wa bisibisi. Bati zima linalia. Bati lililooza linajibu kwa sauti ya kufa, na ukisukuma ncha, inazama. Katika 240Z anzia kwenye kibao cha betri, sakafu chini ya miguu, kingo za chini za milango, na matao ya magurudumu ya nyuma. Gari hili halina fremu iliyotengana na bodi kama lori. Bodi yenyewe ndiyo inayobeba uzito, na mikanda ya usalama imefungwa humo humo. Sakafu ikioza, mjadala wa kuhifadhi au kurejesha kwa sehemu hiyo umefungwa: nenda eneo la Gerezani hapa mjini, tafuta mchomeleaji mzuri, weka bati jipya. Kinachokatazwa ni puti, ile pasta ya kujazia mashimo ya bodi, juu ya kutu. Puti inanyonya unyevu, kutu inaendelea kula chini kwa chini, na wewe unapendezwa na mng'ao huku gari likiyeyuka.

Kwa mtu anayetaka kuendesha, breki hazina patina. Mafuta ya breki yanavuta maji kutoka hewani, hozi za mpira zinapasuka, tairi linazeeka hata kama halijatembea hata kilomita moja, na petroli ya zamani inaganda kama gundi ndani ya kabureta. Hivyo vyote badilisha bila majuto, ila vya zamani vitie kwenye boksi na uandike kila kimoja kimetoka wapi.

Kumbe basi gari moja linaweza kupata majibu mawili: sakafu inarejeshwa, sura ya nje inahifadhiwa. Mimi ningeanza na kuosha. Rangi nyingi za enzi ile hazikufunikwa kwa vanishi ya juu, hivyo ukisugua kwa dawa laini na kitambaa, kitambaa kinatoka chekundu na gari linaanza kurudi lenyewe. Simama mapema, kwa sababu kila msuguo unapunguza rangi, na rangi ya kiwandani ikiisha haiongezwi. Ukihifadhi leo, kesho ukibadili mawazo unaweza kurejesha. Ukishakwangua, njia ya kurudi haipo.

Soko nalo limeanza kulielewa hili. Februari 2015, huko Paris, Ferrari 250 GT California Spider iliyokutwa shambani magharibi mwa Ufaransa, imejaa vumbi, katika mkusanyiko wa familia ya Baillon, iliuzwa mnadani kwa zaidi ya Euro milioni 16 bila kupigwa rangi. Usichukue bei hiyo ukaipandisha kwenye Datsun ya Upanga. Ferrari zile zilikuwa chache mno, na ile ilishawahi kumilikiwa na mwigizaji Alain Delon. Pia gari ambalo tayari lilipigwa rangi mara tatu mitaani na kubadilishiwa injini halina mengi ya asili ya kuhifadhi. Hilo rejesha kwa amani.

Kuhusu turubai: la plastiki linafungia unyevu ndani, na kwa joto la hapa gari linapikwa kwa mvuke. Afadhali kivuli chenye upepo, sakafu ya saruji, na kifuniko cha kitambaa kinachopumua. Piga picha kila upande, soma namba ya chasisi na ya injini, zilinganishe na kadi. Tazama chini ya dashibodi ujue rangi ya kwanza ilikuwa ipi. Na ule mbonyeo wa fenda ya kushoto, kabla hujamwita mnyooshaji, mpigie simu shangazi umuulize ulitokea wapi.