Mtoto wa darasa la tatu kapata 6.8: maana yake nini?

Mzazi wa Masaki au Mikocheni ambaye mtoto wake anasoma mtaala wa Kimarekani anaweza kuletewa ripoti ya mtihani sanifu yenye 6.8 kwenye Hisabati, na mtoto mwenyewe yuko darasa la tatu. Hiyo ni alama ya ulinganifu wa darasa: 6 ni darasa, 8 ni mwezi wa masomo, kwa hesabu ya mwaka wa shule wenye miezi 10. Wengi huisoma hivi: mwanangu anaziweza hesabu za darasa la sita, arushwe darasa.

Sivyo. Mtoto alifanya karatasi ya darasa la tatu. Namba hiyo inasema kwamba mwanafunzi wa kawaida wa darasa la sita, akipewa karatasi ileile, angetarajiwa kupata maksi kama zake. Tena mara nyingi hakuna wa darasa la sita aliyeifanya. Watunzi hukadiria tu kwa kufuata mwelekeo wa maksi za madarasa ya karibu. Hesabu za darasa la sita, kama uwiano na namba hasi, mtoto hakuulizwa. Alichoonyesha ni kwamba ya darasa lake ameyashika barabara, na hilo ni la kumpongeza kwa dhati.

Mimi ningetazama kwanza pesentaili. Tuliozoea maksi za 100 huichanganya na asilimia. Pesentaili ya 97 si kupata 97 kati ya 100. Ni kuwapita takriban watoto 97 katika kila 100 wa darasa lake waliowekwa kuwa kipimo, na kwa mitihani hii kipimo hicho kwa kawaida ni watoto wa Marekani.

Akifika 99, karatasi imemwishia. Wawili wenye 99 wanaweza kupishana sana, ila maswali magumu ya kuwatenganisha hayamo. Ndiyo maana mwaka 1972 Julian Stanley wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins aliwapa watoto wenye vipaji, wengi wa miaka 12 na 13, mtihani wa SAT unaofanywa na wanaoomba kuingia chuo. Waliokuwa wamebanana kileleni wakatawanyika. Siku hizi mitihani ya kompyuta kama MAP Growth huongeza ugumu kadiri mtoto anavyopatia.

Kabla ya kuomba arushwe, mwulize mwalimu: aliulizwa maswali ya darasa gani? Kisha omba afanyishwe mtihani wa mwisho wa mwaka wa darasa la nne, halafu wa tano, na mkae pamoja kutazama anakwama wapi.