Historia mbadala: -ngali- ya Wainka

Mtu akikuambia "angalikuja tungaliondoka naye," huhitaji kumuuliza kama alikuja. Kiambishi -ngali- kimeshakujibu. Historia mbadala ni -ngali- hiyo iliyorefushwa ikawa hadithi nzima: mwandishi anashika tukio la kweli, analigeuza, halafu anafuatilia yale ambayo yangalitokea. Yaliyotangulia tukio hilo hayaguswi. Ukianza kuyagusa, unatunga ngano tu.

Kwa Wainka wa Peru, waliotawala dola kubwa ya milima ya Andes, tukio linalogeuzwa mara nyingi ni la mji wa Cajamarca, tarehe 16 Novemba 1532. Francisco Pizarro, kiongozi wa wavamizi wa Kihispania, alikuwa na watu 168. Mfalme wa Wainka, Atahualpa, aliingia uwanjani amebebwa juu ya machela, akizungukwa na maelfu ya watu wake, wengi wao bila silaha za maana. Jeshi lenyewe alikuwa ameliacha nje ya mji. Valverde, padri wa Wahispania, akampa kitabu cha dini, yeye akakitupa chini. Mizinga ikalia, farasi wakatoka mafichoni, na kabla ya usiku Atahualpa alikuwa mateka. Akatoa dhahabu ya kujaza chumba ili kujikomboa. Mwaka 1533 wakamnyonga vilevile.

Safari ya wakati ni jirani wa dhana hii, ila yenyewe inamtaka msafiri: mtu wa leo arudi 1532, amnong'oneze mfalme aje na jeshi lake. Katika historia mbadala hakuna anayerudi. Atahualpa anaamua mwenyewe, kwa akili aliyokuwa nayo siku ile.

Mimi naona Cajamarca inapewa uzito kupita kiasi. Pizarro angaliuawa pale, Wahispania wengine walikuwa Panama, na habari za dhahabu zilishawafikia. Ukitaka kugeuza jambo, rudi nyuma miaka kama mitano, kwenye kifo cha Huayna Capac, baba yake Atahualpa. Wengi wanaamini aliuawa na ndui, ugonjwa uliowatangulia Wahispania wenyewe. Mrithi aliyekusudiwa naye akafa, na ndugu wawili, Huascar na Atahualpa, wakapigana hadi nchi ikapasuka. Pizarro alifika Atahualpa akiwa ndiyo kwanza ameshinda. Huayna Capac angaliishi miaka kumi zaidi, watu 168 wangalikutana na dola moja, wala wasingalipata Wainka wa upande wa pili wa kushirikiana nao.

Wenyeji wa Andes walikuwa na dhana zao kuhusu wakati. Kwa Kikechua, lugha ya Wainka, *pacha* ni wakati na ni dunia pia. *Ñawpa* ni mbele, na pia ni zamani. Yajayo yako *qhipa*, nyuma, kwa kuwa hayaonekani. Sisi tunaosema "siku za usoni" tumewageuzia mgongo kabisa. Na *pachakuti* ni kupinduka kwa pacha, mambo kugeuka juu chini. Mfalme aliyeikuza dola katika karne ya 15 aliitwa Pachacuti.

Miaka ya 1560, wahubiri wa Taki Onqoy, vuguvugu la kidini la wenyeji wa Andes, walitangaza kwamba miungu ya kale, *waka*, wameamka kumpiga Mungu wa Wahispania. Baadaye ikaenea hadithi ya Inkarri, mfalme aliyekatwa kichwa kikazikwa, na chini ya ardhi mwili unaota upya kutoka kichwani. Wanaoisimulia hawasemi angalirudi. Wanasema atarudi.