Kichwa cha Bingwa: Refa Haoni Nia, Anaona Miguu

Pambano kubwa likiisha kwa mtu kuchanika juu ya jicho, simu yangu hujaa ujumbe kutoka Igoma, Buzuruga, hata Ukerewe. Swali ni lilelile: "Mwalimu, bingwa amepiga kichwa kwa makusudi au ni bahati mbaya?" Nimefundisha ngumi na kuchezesha mapambano hapa Mwanza kwa muda wa kutosha kujua kwamba anayeuliza ameshachagua upande. Shabiki wa bingwa anataka niseme bahati mbaya. Shabiki wa aliyechanika anataka nimwite bingwa mchafu. Mimi naona vichwa vingi vya mabingwa vinatokana na mazoea, na mtu anawajibika kwa mazoea yake hata siku ambayo hakukusudia kumuumiza mtu.

Ubishi ambao haujawahi kwisha kwenye vibanda umiza vya huku ni wa Evander Holyfield na Mike Tyson, mabondia wa uzito wa juu wa Marekani. Walikutana mara ya kwanza Las Vegas tarehe 9 Novemba 1996. Raundi ya 6 Tyson akachanika baada ya vichwa kugongana, raundi ya 7 vikagongana tena na magoti yakamlegea. Refa Mitch Halpern akasema ni bahati mbaya, na raundi ya 11 akasimamisha pambano, Holyfield akaondoka na mkanda. Kambi ya Tyson ikamkataa Halpern kwa marudiano, akajiweka pembeni, kazi akapewa Mills Lane. Tarehe 28 Juni 1997, raundi ya 2, kichwa cha Holyfield kikamchana Tyson juu ya jicho la kulia. Lane naye akasema bahati mbaya. Raundi ya 3 Tyson akamng'ata sikio, akaonywa na kukatwa pointi, akang'ata tena, akaondolewa. Baadaye wasimamizi wa ngumi wa Nevada, jimbo lenye Las Vegas, wakamfutia leseni na kumtoza faini ya dola milioni 3.

Dunia inakumbuka sikio. Hakuna kinachohalalisha meno ulingoni, na adhabu ile ilimstahili. Ila mtu anayetaka kujifunza kazi yetu arudishe mkanda wa video nyuma, akatazame vichwa.

Tuanze na haki ya Holyfield. Alikuwa na urefu wa kama sentimita 189, Tyson kama 178. Tyson alipigana akiwa amejikunja, kichwa kikiyumba kushoto na kulia, halafu anafyatuka kutoka chini kuja juu na ngumi zake. Holyfield, aliye mrefu, alikuwa akiingia amejiinamisha, paji la uso mbele, kisha anakamata mikono. Mmoja anashuka, mwenzake anapanda, nafasi kati yao haitoshi vichwa viwili. Ukiangalia mgongano mmoja peke yake pale, mimi pia ningesema bahati mbaya. Halpern hakukosea kwa kile cha kwanza.

Sasa nenda mbele hadi tarehe 1 Juni 2002, Atlantic City, Holyfield na Hasim Rahman. Rahman hakuwa mfupi, wala hakuwa akifyatuka kutoka chini kama Tyson. Lakini vichwa viligongana, na uvimbe ukaota kwenye paji lake upande wa kushoto, mkubwa kiasi kwamba aliyeona picha zile hazimtoki akilini. Pambano likasimamishwa raundi ya 8, wakahesabu kadi za alama, majaji wawili kati ya watatu wakampa Holyfield. Mpinzani mwingine, mtindo mwingine, karibu miaka mitano imepita, na kichwa bado kiko palepale. Mgongano unaokufuata kwa wapinzani wasiofanana umetoka kwako.

Watu huniuliza ninajuaje. Moyo wa mtu siuoni. Ninachoona ni miguu, macho na mpangilio wa viungo. Bondia anayeingia kupiga, ngumi yake hutangulia na kichwa hufuata, tena hufuata kwa pembeni, kwa sababu amekanyaga nje ya mguu wa mbele wa mpinzani. Kichwa kikitangulia ngumi, nasogea karibu. Kisha natazama macho. Anayepiga ngumi anamwangalia mtu anayempiga, kidevuni au kifuani. Akiingia huku anatazama sakafu, hana anacholenga kwa mikono, na utosi wake ndio ulioelekezwa usoni mwa mwenzake.

Mahali pabaya kuliko pote ni pale wanapokumbatiana. Ngumi zimeisha, wote wamechoka, na mmoja anaweka utosi chini ya kidevu cha mwenzake halafu ananyoosha magoti. Jukwaani huoni kitu. Mwenzake anarudi kona mdomo umechanika na hajui imetokea lini. Hapo ndipo mabingwa wazoefu hufanya kazi yao ya kimyakimya, na hapo sitaki kusikia habari ya bahati mbaya, kwa sababu magoti hayajinyooshi yenyewe baada ya refa kusema "break", yaani achianeni.

Mashoto akikutana na mtu wa mkono wa kulia, hesabu hubadilika. Miguu yao ya mbele inagombea sehemu moja ya sakafu na vichwa vinakuja kwenye mstari mmoja, kama mitumbwi miwili inayoingia mwaloni kwa upenyo mmoja. Katika mapambano ya namna hiyo navumilia zaidi raundi mbili za kwanza, hadi nione nani anahangaika kutoka kwenye mstari na nani ameamua kubaki.

Makusudi ya wazi yapo, ila ni machache kuliko mashabiki wanavyodhani. Tarehe 17 Septemba 2011, raundi ya 4, Victor Ortiz alimbana Floyd Mayweather kwenye kamba, akaruka na kichwa kikaenda usoni. Refa Joe Cortez akasimamisha, akamkata pointi. Ortiz akamkumbatia mwenzake kuomba radhi, tena zaidi ya mara moja, na pambano lilipoendelea Mayweather akampiga huku mikono ya Ortiz ikiwa chini, likaishia hapo. Nalitaja kwa sababu ya ule msamaha. Vijana wengi wanaamini ukikumbatia na kuonyesha kusikitika, basi ilikuwa bahati mbaya. Ortiz alisikitika kweli, na aliruka kweli.

Kwetu hapa tatizo linaanzia mazoezini, na hili linaniuma kuliko mambo ya Las Vegas. Sehemu nyingi tunazofanyia mazoezi Mwanza ni chumba au uwanja mdogo wa saruji, hakuna ulingo kamili, jozi nne zinapigana kwa pamoja mahali pa kutosha jozi moja. Kijana hana nafasi ya kuzunguka, kwa hiyo anajifunza kusimama na kusukumana. Kichwa kinakuwa mkono wa tatu. Akiwa na kofia ya mazoezi haumii, hivyo hakuna anayemrekebisha. Halafu anapanda ulingoni, kichwa wazi, na mazoea yale yale. Ikumbukwe kwamba tangu 2013 wanaume wa ngumi za ridhaa katika mashindano makubwa hawavai tena kofia, na Olimpiki ya Rio 2016 ilichezwa hivyo. Ukiwa na kijana anayeota Olimpiki, usimwache ajifunze ngumi akiwa ndani ya kofia siku zote.

Kijana mmoja aliniambia baada ya kumchana mwenzake mazoezini, "Mwalimu, mimi sikukusudia." Nikamjibu, "Najua, mwanangu. Sasa weka mguu wa kushoto nje ya mguu wake." Tukarudia hatua hiyo moja mpaka jua linazama.

Kanuni zenyewe zinamlazimisha refa achague. Katika kanuni za pamoja za Marekani, mgongano wa bahati mbaya ukisimamisha pambano kabla ya raundi 4 kukamilika, hakuna mshindi. Baada ya hapo, zinahesabiwa kadi za majaji. Ikiwa ni makusudi na mpinzani hawezi kuendelea, aliyepiga kichwa anaondolewa. Akiweza kuendelea ilhali ameumia, mkosaji anakatwa pointi 2. Tazama pengo lililopo: neno moja la refa ndilo linalotenganisha ushindi na kuondolewa. Ndiyo maana marefa wengi hukimbilia "bahati mbaya", hasa mwenye mkanda akiwa ndiye mwenye kichwa. Andre Ward na Mikkel Kessler, tarehe 21 Novemba 2009 kule Oakland, ni hivyohivyo, ingawa hapo mwenye mkanda alikuwa Kessler. Kessler alichanika kwa vichwa, refa akasema si makusudi, raundi ya 11 pambano likaenda kwenye kadi na mkanda ukahama. Nakubali Ward alikuwa amemzidi kwa ngumi. Hata hivyo, kichwa kilipaswa kulipiwa pointi mapema.

WBC, moja ya mashirika yanayotoa mikanda ya ubingwa wa dunia, wana njia yao: vichwa vikigongana kwa bahati mbaya na mmoja akachanika, asiyechanika anakatwa pointi 1. Mashabiki wanaichukia, wanasema mtu anaadhibiwa bila kosa. Ina dosari kweli, maana inamfaidi mwenye ngozi inayochanika upesi. Lakini mimi naitetea, kwa sababu haimwombi refa asome moyo wa mtu, na inamfundisha kila bondia kwamba kichwa kina bei. Ngumi za ridhaa zina kanuni nzuri zaidi kwa maoni yangu: kuinama chini ya usawa wa mkanda wa kiunoni wa mpinzani kwa namna ya hatari ni kosa hata kama hakuna aliyeguswa. Ninapochezesha, namwonya mtu kwa mahali alipoweka kichwa kabla damu haijatoka. Onyo la kwanza ni la mdomo, la pili nasimamisha saa na kumwonyesha kila mtu ukumbini, la tatu ni pointi, awe bingwa au asiwe bingwa.

Jambo la mwisho ni la makocha wanaosimama kona. Ngozi ya juu ya nyusi ni nyembamba na imelala juu ya ukingo wa mfupa, ndiyo sababu kichwa hufungua kidonda kirefu na damu huingia jichoni. Una dakika moja tu ya kubana kwa pamba yenye adrenalini na kupaka vaselini. Katika dakika hiyohiyo, msaidizi wako amuulize refa au msimamizi wa pambano: kidonda hiki kimeandikwa ni cha kichwa au cha ngumi? Kikiandikwa cha ngumi, na daktari akasimamisha pambano raundi mbili baadaye, kijana wako amepoteza kwa TKO, yaani ameshindwa kwa pambano kusimamishwa, hata kama alikuwa anaongoza kwenye kadi zote tatu. Uliza kabla kengele haijalia.