Chupa ilisema hana mzio wa kamba

Bi mmoja wa Wete alinijia na shida ya miaka: akila kamba, midomo humvimba na mwili mzima humwasha. Nikamtonea mkononi matone matatu, la maji ya chumvi yasiyovimbisha, la histamini, kemikali inayovimbisha ngozi, na la dondoo ya kamba ya chupa, nikadunga ngozi kidogo penye kila tone. Baada ya dakika 15 la histamini lilikuwa limetutumka. Penye kamba, ngozi shwari.

“Ikiwa sina kitu, mwanangu, midomo hii hunivimba kwa nini?”

Nilimwamini yeye kuliko chupa. Safari ya pili alikuja na kamba mbichi. Nikamdunga kamba, kisha kwa sindano hiyo hiyo nikamdunga yeye, adrenalini, dawa ya mzio mkali, ikiwa tayari mezani. Kikatoka kivimbe cha milimita 8, wekundu umekizunguka. Milimita 3 kuzidi maji ya chumvi zinatosha kusema ngozi imejibu.

Mwili wake ulikwisha kutengeneza IgE, kingamwili iliyogunduliwa miaka ya 1960, dhidi ya tropomayosini, protini ya misuli ya kamba. IgE hiyo hukaa juu ya seli za masti, seli za kinga zilizojaa histamini. Tropomayosini ikizishika IgE mbili jirani kwa pamoja, seli humwaga histamini papo hapo. Moto hauivunji tropomayosini kirahisi, kwa hiyo kumpika kamba kwa nazi hakusaidii. Utitiri wa vumbi na mende wanayo inayofanana nayo. Kupima IgE ya jumla peke yake nako kungenipoteza, kwani minyoo pia huipandisha.

Sasa chupa. Lebo ilitaja uzito wa kamba waliolowekwa katika ujazo fulani wa maji. Hicho ndicho kilichoingia. Tropomayosini iliyotoka ni kiasi gani, haisemi. Leonard Noon, daktari aliyetibu mzio wa chavua kwa sindano za dondoo yake mwaka 1911 huko London, naye alihesabu kwa uzito wa chavua. Leo dondoo iliyosanifishwa hulinganishwa na dondoo rejea: inashika IgE kiasi gani, na protini yake kuu, kama Der p 1 ya utitiri, ni mikrogramu ngapi. Dondoo nyingi za vyakula bado hazijafika hapo. Nami naona jibu la “hana” kutoka chupa kama hiyo ni la hatari, maana mgonjwa atarudi nyumbani akale.

Juzi bi alinipigia kuuliza habari ya pweza. Nikamwambia asimguse kwanza, aje naye.