Kompresa Mpya, Gari Bado Joto: Uchunguzi Uanzie Wapi?

Malalamiko haya ni ya kawaida katika gereji za Dar es Salaam, hasa miezi ya joto kali kati ya Desemba na Machi: mwenye gari amenunua kompresa ya kiyoyozi, yaani pampu inayoisukuma gesi ya kupooza, kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani, imefungwa, gesi imejazwa, baridi imepatikana kwa siku chache, kisha joto limerudi. Kinachofuata mara nyingi ni kuongeza gesi au kuilaumu kompresa, na yote mawili hufanyika kabla ya mtu kupima chochote.

Swali la kwanza liwe ni nini kiliiua kompresa ya zamani. Kompresa ikisagika ndani, chembe za chuma husafiri pamoja na oili hadi kwenye kondensa, yaani rejeta ya mbele inayotoa joto la gesi, na nyingine hukwama kwenye vali ya upanuzi, inayopitisha gesi kidogo kidogo ili ipoe, ambayo tundu lake ni dogo sana. Kabla kompresa hiyo haijatupwa, mimina oili yake kidogo kwenye kitambaa cheupe uitazame juani. Rangi ya kijani inayong'aa kwa kawaida ni dawa ya kutafutia uvujaji na haina ubaya. Lakini oili ikiwa ya kijivu na inametameta, basi kompresa mpya imefungwa kwenye uchafu uleule wa ile ya kwanza. Kondensa nyingi za kisasa zina njia nyembamba mno zisizosafishika kwa uhakika, hivyo, ingawa ni gharama, ni afadhali kuibadilisha kuliko kununua kompresa ya tatu.

Draya, yaani kikausha unyevu, hubadilishwa kila mfumo unapofunguliwa, na hapa pwani hilo si jambo la kujadili, kwani draya iliyoachwa wazi kwenye benchi la gereji huanza kunyonya unyevu wa hewani kabla haijafungwa. Unyevu ukibaki ndani unaweza kuganda kwenye vali: baridi huja, hukata baada ya muda, na gari likipumzishwa hurudi. Kabla ya kujaza gesi, hewa inyonywe kwa pampu kwa angalau nusu saa. Kwa kuwa jiji liko usawa wa bahari, geji inapaswa kukaribia inchi 29 za zebaki, na pampu ikizimwa mshale ubaki palepale. Ukianza kurudi, mfumo unavuja au bado una unyevu, na gesi isijazwe.

Injini ikiwa imezimwa na kupoa, katika joto la nyuzi 30 za Selsiasi, geji zote mbili, ya upande wa shinikizo la chini na ya upande wa shinikizo la juu, za mfumo unaotumia gesi ya R-134a husoma takriban psi 97 (psi ni kipimo cha shinikizo). Kipimo hicho huonyesha kwamba gesi imo, lakini hakisemi ni kiasi gani, ndiyo maana gesi hupimwa kwa gramu kama kibandiko kilicho chini ya boneti kinavyoelekeza. Kiyoyozi kikifanya kazi, upande wa chini kwa kawaida huwa kati ya psi 25 na 45, na wa juu kati ya 150 na 250, ingawa mchana wa Januari unaweza kuzidi hapo. Upande wa chini ukishuka kuelekea sifuri, shuku kuziba. Pande zote mbili zikipanda, gesi imezidi, hewa imeingia, au kondensa haipoi. Na kama gari hutoa joto kwenye foleni ya Barabara ya Mandela lakini hupoa likikimbia, anza na feni ya kondensa. Kumwagia kondensa maji huku ukitazama geji ya juu ikishuka ni jaribio rahisi lisilogharimu kitu. Kompresa yenyewe hushukiwa pale upande wa chini unapokuwa juu na wa juu ukawa chini, na hata hapo vali ya upanuzi iliyokwama wazi ichunguzwe kwanza.

Wenye magari ya haibridi yenye kompresa ya umeme, kama Toyota Prius, wahakikishe fundi anatumia oili aina ya POE iliyoelekezwa na mtengenezaji, kwa sababu oili ya PAG ya magari ya kawaida hudhoofisha uhami, yaani kinga inayozuia umeme kuvuja, ndani ya kompresa, na gari linaweza kuizima kompresa hiyo ingawa ni nzima.